Mkate wa Babu Usio na Chumvi

Kabla jogoo wa jirani hajakumbuka kazi yake, tanuri la Babu lilikuwa limekwisha kuwaka. Lilijengwa kwa matofali nyuma ya nyumba, mdomo wake ukitazama kibanda cha kukandia unga, na joto lake lilikuwa na sifa mtaa mzima. Watu waliapa kwamba ukipita mbele yake umeshika yai bichi, unafika upande wa pili umeshika yai la kuchemsha. Fundi baiskeli wa jirani yeye alidai kwamba siku moja alipita hapo na beseni la nguo mbichi, akafika kwake zimekwisha kupigwa pasi. Huyo msimwamini sana. La yai linawezekana.

Babu alikuwa mwokaji mikate tangu ujana wake. Alikuwa mfupi, mpana, na vidole vyake vilizoea kukanda hata pasipo na unga. Akikaa kuzungumza nawe, utaviona vinakanda mto wa kiti, au goti lake, na kama umekaa karibu sana, bega lako. Kila asubuhi mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na miwili, alipanga mikate kwenye mkokoteni ikiwa bado inatoa mvuke, akaifunika kwa kitambaa cheupe, kisha akanawa uso na kwenda shule.

Msichana huyo mtaani walimwita Kamili. Jina hilo halikutoka kwa wazazi wake. Alilipata kwa sababu hakujua kufanya jambo nusu. Akitumwa kufagia chumba, alifagia chumba, ukumbi na uwanja, na kama hakuna mtu wa kumzuia, alifagia mpaka mlangoni kwa jirani. Alipopewa zamu ya kumwagilia miche ya shule, aliimwagilia kwa moyo wote hata ikaanza kuelea, na mwalimu wa zamu akauliza ni nani aliyepanda mboga bwawani.

Babu naye alikuwa na lake. Alipenda chumvi, na kusema alipenda ni kumpunja. Alinyunyizia mboga kabla ya kuionja, akaionja, kisha akainyunyizia tena kwa kuipongeza. Alitia chumvi kwenye yai, kwenye nanasi, na akiwa na mafua, kwenye chai. Bibi alikuwa akimsema tangu siku ya harusi yao, na Babu alikuwa akiitikia kwa heshima zote huku mkono ukielekea kwenye kopo la chumvi.

Siku moja Babu aliumwa kichwa kwa muda mrefu, macho yakamwingia ukungu. Bibi akamwamuru aende zahanati, na Kamili akaenda naye kumsindikiza. Daktari alikuwa mama mmoja mtulivu, miwani imekaa kwenye ncha ya pua kama inayotaka kushuka. Alimfunga Babu kipimo mkononi, akakisoma, akamfunga tena mkono wa pili, labda ule utasema jambo jingine. Haukusema jambo jingine.

"Mzee wangu," alisema, "presha hii si ya kuifanyia mzaha."

Akampa vidonge vya kunywa kila asubuhi. Akamweleza kwamba chumvi apunguze: yote anayokula kutwa nzima, ya chungu, ya mezani na hata iliyomo ndani ya mkate, isizidi kijiko kimoja cha chai, tena kilichosawazishwa juu. Arudi baada ya mwezi. Kisha akavua ile miwani, na Kamili akajua kwamba sasa linakuja lile kubwa.

"Ukirudi haijashuka, itabidi tuzungumze habari ya kuacha tanuri. Joto lile na presha hii haviwezi kukaa nyumba moja."

Babu, ambaye kwa kawaida aliweza kuongea habari za mvua kutoka mlango wa zahanati mpaka mlango wa nyumbani, njia nzima hakusema neno. Kamili alitazama vidole vyake. Vilikuwa vimelala tu kandoni, havikandi kitu. Hilo lilimtisha kuliko kipimo cha daktari.

Basi akakata shauri. Babu hatatolewa kwenye tanuri lake, na yeye Kamili atahakikisha. Hesabu aliyoipiga ilikuwa fupi na, kwa maoni yake, haina kasoro. Kama kijiko kimoja ni bora kuliko vitano, basi bila kijiko ni bora kuliko kimoja. Jioni ileile alikusanya chumvi yote ya nyumba ile, ya unga na ya mawe, akaigawa kwa majirani, na kila aliyepewa alipewa pamoja na onyo kwamba Babu akija kuomba aambiwe imekwisha. Ile ya mikate ya wateja tu ndiyo iliyobaki, ikafungiwa kabatini na ufunguo akapewa Bibi. Bibi alijaribu kusema kwamba daktari alitaka chumvi ipunguzwe, hakusema iondolewe. Lakini Bibi alikuwa amepigana na chumvi ya mumewe peke yake miaka mingi, na sasa amepata jeshi. Akanyamaza, akaanza kupika kwa limau, tangawizi na vitunguu saumu, na chakula kikawa kizuri tu.

Babu hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi. Ghafla akaanza kuwa na adabu ya ajabu, ya kuvua kofia mbele ya chakula. Aliivua juu ya sahani, akaitikisa kidogo kwa unyenyekevu, akaivaa tena. Bibi alifurahi kuona uzee umemletea mumewe staha. Kamili ndiye aliyeuliza kwa nini Babu anavua kofia kwa mboga tu na havui kwa chai. Kofia ikakaguliwa. Ndani ya mkunjo wake mlikuwa na chumvi ya kutosha kuhifadhi samaki.

Baada ya kofia likaja kasha la miwani, na baada ya kasha la miwani ikaja soksi, ambayo hatutaieleza. Kila mara Kamili alishinda, na Babu akampigia saluti na kumwita afande. Mpaka siku moja Kamili alipotoka shule na kumkosa kibandani, akamtafuta, akamkuta kwenye banda la mbuzi wa fundi baiskeli. Babu alikuwa akimkuna mbuzi kichwani kwa upendo ambao mbuzi mwenyewe aliutilia shaka. Mkono wa pili ulikuwa umeshika lile jiwe la chumvi ambalo mbuzi hupewa kulamba.

Kamili hakufoka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kulia.

"Babu, wakikutoa kwenye tanuri utafanya nini?"

Babu alilirudisha jiwe mahali pake, akafuta mkono kwenye suruali. Alifikiri kwa muda, maana swali lilikuwa la kweli na lilistahili jibu la kweli.

"Sitafanya kitu, mjukuu wangu. Nitakaa tu."

Kisha Babu akampigia saluti, safari hii bila kutabasamu. "Haya, afande. Kuanzia leo nimejisalimisha."

Na kweli alijisalimisha. Hakuna mateka aliyewahi kuwa mtiifu kama yule. Alikula alichopewa, akashukuru. Kamili alipokumbuka kwamba daktari alitaja pia mkate, Babu alikubali hata hilo, ingawa kwa mwokaji ni sawa na kumwambia kinyozi ajinyoe kwa kijiko. Mikate ya wateja ingebaki ilivyo, ila yake yeye ingekandwa kwenye beseni la peke yake, bila punje ya chumvi.

"Nakuonya tu," Babu alimwambia, "chumvi ndiyo inayoishika hamira mkono. Ukiiondoa, hamira haina mwenyewe."

Kamili akalifunika beseni kwa sinia, akaweka na kitita cha kuni juu, akaenda kupanga mikate ya wateja. Aliporudi, sinia lilikuwa limesimama wima kama mlango. Donge lilikuwa limepanda, likamwagika kwenye meza, likameza mwiko na kopo la mafuta, na sasa lilikuwa linamfuata paka, ambaye alipanda rafu ya kwanza, akatazama chini, akaona ni afadhali ya pili. Ilibidi Babu, Bibi na Kamili walisukume kwa mikono sita kulirudisha, na bado liliwashika viwiko likikataa kuwaachia. Mkate uliotoka ulikuwa mweupe, una mashimo ambamo kifaranga angeweza kulala, na ladha yake ilikuwa ya karatasi ya kufungia mkate. Babu aliutafuna taratibu, akaumeza, akasema si mbaya. Ulikuwa mbaya. Aliula kila siku.

Shuleni, Kamili alikuwa na rafiki, binti wa yule fundi baiskeli, ambaye darasa zima lilimwita Swali. Wakati wa mapumziko Kamili alimsimulia ushindi wake wote, na Swali akamsikiliza huku akitafuna.

"Lakini daktari alisema kijiko kimoja," alisema Swali. "Sasa hicho kimoja kiko wapi?"

"Tumekiokoa."

"Mmekiokoa kutoka kwa nani?"

Kamili akamwambia anyamaze, ale.

Wiki ileile mwalimu wa sayansi alifundisha kwamba figo hutumia maji kusafisha chumvi iliyozidi mwilini. Mwalimu alikuwa na mengine ya kuongeza juu ya hapo, lakini Kamili hakuyasikia, alikuwa ameshafika nyumbani kwa mawazo. Kuanzia kesho yake aliweka jagi kubwa kando ya tanuri. Trei ya mikate ikiingia motoni, bilauri ya maji inaingia kwa Babu. Trei ikitoka, bilauri nyingine. Babu akasema tumbo lake linapiga mawimbi akitembea, lakini akanywa. Alikuwa amejisalimisha.

Siku ya kufua ndipo mambo yalipoharibika. Kamili aliliokota shati la kazi la Babu, lile jeusi, akaligeuza mgongoni, akaona michirizi myeupe iliyopinda na kukutana kama ramani ya mito. Akaikwangua kwa ukucha. Ikatoka unga. Akatazama huku na huku kama kuna mtu anayemwona, kisha akalamba.

Ilikuwa chumvi.

Alimfuata Babu kibandani akiwa amelishika shati kwa vidole viwili, akamwambia amegundua kila kitu. Babu aliapa kwamba hajaonja chumvi tangu siku ile ya banda, na mbuzi ni shahidi. Kamili akasema shati nalo ni shahidi, tena halina sababu ya kumtetea mtu.

"Unasema mimi mwongo, mjukuu wangu?" Babu aliuliza, kwa sauti ndogo.

Kamili akamnyooshea lile shati. Babu aligeukia donge lake akaendelea kukanda. Kamili akapekua upya kofia, kasha, soksi, magunia ya unga, hata ndani ya bomba la moshi, akatoka mweusi kama sufuria. Hakuona kitu. Akahitimisha kwamba Babu amekuwa hodari zaidi wa kuficha, akaongeza maji.

Baada ya hapo Babu alianza kubadilika. Hamu ya kula ilimtoka. Kichwa kikamuuma tena. Akawa anabanwa na misuli ya miguu katikati ya kazi, na kila ikimbana aliruka kwa mguu mmoja kuzunguka meza huku ameshika trei, na wateja waliokuwa dirishani, wakidhani ni furaha, wakampigia makofi. Kamili alifurahi pia. Alimweleza Bibi kwamba hiyo ni presha inaondoka, na kitu kikubwa hakiwezi kuondoka bila vurugu kidogo.

Bibi hakuridhika. "Huyu mzee hayuko sawa," alisema. "Jana nimemwambia mboga imeungua, akanishukuru." Akataka warudi zahanati upesi. Kamili akamsihi wangoje, maana siku ya kurudi ilikuwa imekaribia, na alitaka daktari aone presha imeshuka hadi chini kabisa.

Hawakufika siku hiyo. Asubuhi moja ambayo haikuwa ya shule, Kamili aliingia kibandani akamkuta Babu anaamkiana na gunia la unga. Alikuwa akiliuliza habari za nyumbani, habari za watoto, na kuliomba radhi kwa kutolitembelea. Kamili akacheka mpaka akashika mbavu, maana Babu alikuwa mtu wa vichekesho tangu zamani. Kisha Babu akachukua mkate wa moto, akaujaribu mguuni kama kiatu, akasema unabana. Kamili akacheka zaidi, akamletea bilauri yake ya maji.

Babu aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Ahsante, binti," alisema. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Kila baada ya mzaha, Babu alikuwa na desturi ya kukonyeza jicho. Kamili akangoja. Babu alimtazama tu, kwa upole, kama mtu anavyomtazama mtoto wa watu barabarani. Jicho halikukonyeza. Kisha magoti yakamlegea, akakaa sakafuni kwenye unga.

Kamili alimwita Bibi kwa sauti iliyomtoa hata fundi baiskeli chini ya baiskeli. Bibi alimtazama mumewe mara moja tu. Akaamuru mikate ishushwe na mkokoteni uletwe. Babu akalazwa juu yake, akafunikwa kile kitambaa cheupe, na fundi baiskeli akasukuma kwa nguvu zote, Kamili na Bibi wakikimbia pembeni. Kwa kuwa mtaa mzima uliujua mkokoteni ule na kitambaa kile, watu walitoka majumbani kufuata mikate. Mama mmoja aliufikia, akainua kitambaa achague mmoja ulioiva vizuri, akamkuta mwokaji mwenyewe amelala, anamtazama. Inasemekana mama yule hakula mkate kwa muda mrefu.

Daktari alimpima Babu presha. Ilikuwa imeshuka kweli, tena imeshuka kupita inavyotakiwa. Akachukua damu ikapelekwa maabara, akamgeukia Bibi kuuliza mzee amekuwa akila nini. Kabla Bibi hajafungua mdomo, Kamili alikuwa ameshaanza. Alisema yote: chumvi aliyoigawa, mkate wa peke yake, mbuzi, bilauri kwa kila trei. Mwishowe akafika kwenye shati.

"Ila alikuwa akila kwa siri, Daktari. Nimeiona chumvi mgongoni mwake. Nimeilamba."

Daktari alivua miwani. "Binti," alisema, "chumvi ile ya shatini haikuwa inaingia kwa babu yako. Ilikuwa inatoka."

Akamweleza taratibu. Mtu anayesimama mbele ya moto hutoka jasho, na jasho hubeba chumvi. Ndiyo sababu lina ladha ile, na ndiyo sababu likikauka huacha michirizi. Vidonge vya Babu navyo hutoa maji na chumvi kwa njia ya mkojo. Kwa hiyo huku inatoka kwa milango miwili, na kule kwenye sahani hakuna inayoingia, halafu kidogo iliyobaki ikazimuliwa kwa majagi ya maji. Ndani ya chumvi kuna madini yanayoitwa sodiamu. Mishipa ya fahamu huyatumia kupeleka habari, misuli huyatumia kujikaza na kulegea, na yakipungua sana katika damu, maji huingia kwenye ubongo ukavimba. Ndipo mtu anaanza kusalimiana na magunia.

Majibu ya maabara yalikuja yakasema hivyohivyo. Muuguzi akamtundikia Babu dripu, na matone yakaanza kudondoka kwa mwendo wa konokono. Kamili aliyatazama, akayatazama, mwishoni akashindwa kujizuia. Akauliza kwa nini wasiifungulie yote imwingie mara moja, Babu apone.

Daktari alimwangalia hadi Kamili akainamisha uso. "Sodiamu ikipandishwa kwa pupa nayo huumiza ubongo," alisema. "Tutakwenda hatua kwa hatua, tukipima. Unaona shida yako ilipo?"

Kamili aliona. Alikaa kwenye benchi la ukutani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na jambo la kufanya zaidi. Alichotaka kilikuwa kimoja tu, Babu amwangalie na kumjua. Akikosa tanuri, na akose. Alimwambia Bibi hivyo, na Bibi akamvuta kichwa kwenye bega lake, akamwambia kwamba yeye pia ana kosa. Alikuwa mtu mzima, alisikia neno la daktari, akamwachia mtoto alipindue.

Kesho yake, jua likiwa limekwisha kupanda, Babu alifumbua macho. Akatazama dari, akatazama dripu, akamtazama msichana aliyekuwa ameinama kando ya kitanda.

"Afande," alisema kwa sauti kavu, "nani anauangalia moto?"

Kamili alilia hadi shuka ikalowa, na Babu akamwambia apunguze, chumvi yenyewe ni ya shida.

Alipotulia alimwambia, "Babu, nilikuita mwongo. Nisamehe."

"Nimekusamehe," Babu alisema. "Mbuzi mwombe mwenyewe. Alikuwa tayari kutoa ushahidi, hakuna aliyemsikiliza."

Siku ya kuruhusiwa, daktari aliwakalisha wote watatu. Vidonge alivibadilisha. Chumvi itabaki kijiko kimoja kilichosawazishwa kwa siku, kisizidi, na kisipunguzwe mpaka aseme yeye mwenyewe. Iliyomo ndani ya mkate ihesabiwe humo. Maji anywe kwa kiu, si kwa trei. Tanurini asirudi mpaka apimwe tena, na akirudi, kila trei ya mikate ikitoka, naye atoke apate upepo. Hapo Babu akachangamka, akamgeukia mjukuu wake na kuuliza kama amesikia kwamba chumvi ni dawa.

Daktari alimkata kauli. "Mzee wangu, wewe ndiye usikilize zaidi. Chumvi kuzidi kumenijazia wagonjwa hapa. Kwa kupungua namna hii, mwaka huu uko peke yako. Wengi wetu tunaipata ya kutosha bila kujitahidi, imo hata kwenye maziwa na mayai. Sijakupa ruhusa, nimekupa kipimo."

Babu akasema amesikia, na kofia akaivaa sawasawa.

Nyumbani utaratibu mpya ukaanza. Kila asubuhi Bibi alichota kijiko, Kamili akapitisha mgongo wa kisu juu yake kukisawazisha, na Babu akasimama pembeni kama mwamuzi wa mpira, akilalamika kila punje iliyoanguka upande usiofaa. Sehemu ilikwenda kwenye mkate wake, ambao sasa aliuoka Bibi, sehemu kwenye chungu, na kidogo kilichobaki kikakaa mezani kwenye kifuniko cha chupa, akitumie apendavyo. Mara nyingi alikila kwa ncha ya kidole, amefumba macho, na hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha. Donge la mkate wake likawa linakaa ndani ya beseni kama watu wenye malezi. Paka akashuka rafuni.

Waliporudi zahanati, daktari alimfunga Babu kipimo, akakisoma. Akamfunga mkono wa pili. Presha ilikuwa mahali inapotakiwa, na majibu ya damu yakaonyesha sodiamu nayo imerudi mahali pake. Babu alimtazama tu daktari, kofia mkononi.

"Nenda kwenye tanuri lako, mzee wangu," daktari alisema. "Na uje nikupime kila mwezi."

Njia nzima Babu aliongea habari za mvua.

Kesho yake alipanga mikate ya kwanza motoni, akafunga mlango wa tanuri, akamwita Kamili asimame kando yake. Alisema ana neno la kumwambia, na neno lenyewe si refu.

"Moto huu," alianza, "ukiuachia uwe mkubwa, mkate unaungua nje na ndani unabaki mbichi. Ukiuzima kabisa, huna mkate, una unga. Mimi nimesimama hapa miaka yote hii kwa ajili ya hapo katikati tu. Daktari alikupa kipimo. Ulikichukua ukakimbia nacho mpaka ukampita daktari mwenyewe. Mapenzi yako niliyaona, mjukuu wangu, na sitayasahau. Lakini mgonjwa hatibiwi kwa mapenzi peke yake. Ukiambiwa punguza, punguza. Ukidhani umeona njia bora zaidi, rudi kwanza ukamuulize aliyekupa kipimo, kabla hujampa mtu bilauri hata moja."

Kamili aliitikia kwamba amesikia, na alikuwa amesikia kweli. Neno lilikuwa limekwisha na lilikuwa zuri. Lakini Babu alikuwa amekaa siku nyingi bila tanuri na bila msikilizaji. Akaongeza mfano wa hamira. Kutoka kwenye hamira akaingia kwenye mvua, na kutoka kwenye mvua akaeleza jinsi alivyomwoa Bibi, jambo ambalo nalo, alisema, lilihitaji kipimo. Alikuwa ndiyo kwanza anafika kwenye mahari pale sauti ya Bibi ilipotoka jikoni, ikiuliza kama ni pua yake tu au kuna kitu kinaungua.

Babu alifungua tanuri. Moshi ukatoka kwanza, kisha mikate, myeusi kama makaa, imejipanga kwa utaratibu mzuri sana.

"Hata nasaha," Babu alisema hatimaye, "zinatakiwa zisawazishwe juu."

Kamili akachagua mmoja uliokuwa na nafuu, akachukua kisu, akaanza kuukwangua. Alikwangua weusi mpaka rangi ya kahawia ikatokea. Mkono ulimwasha kuendelea, lakini aliacha hapo, akaukata vipande viwili, wakala.